Jamaa Wasioonana

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hana budi kupita Bunda. Barabara kuu iendayo hadi Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, inaugawa mji huo, na hapo huchepuka njia nyingine inayoelekea Kisorya, mahali pa kuvukia kwenda Ukerewe. Chini ya upenu wa duka moja mjini humo alikaa fundi wa cherehani kwa miaka arubaini na ushei. Jina lake halina haja hapa, kwani hata wengi waliompenda hawakulijua. Walimjua kwa lakabu iliyochapishwa chini ya mashairi yake gazetini, pamoja na nambari ya sanduku la posta na neno Bunda.

Waliompenda hivyo walikuwa Tanga, Lindi, Ujiji, Unguja na Pemba. Yeye naye aliwapenda, na hakuwa amemwona hata mmoja wao. Alipoulizwa na wateja wake hao ni nani kwake, alijibu kuwa ni jamaa. Jibu hilo liliwachekesha, maana kwa Mjita wa pwani ya Ziwa Viktoria jamaa ni watu wa ukoo, wanaojulikana kwa mababu na kwa mipaka ya mashamba. Lakini fundi hakulibadili.

Siku hizi neno ushabiki limeachiwa mpira wa miguu, nalo hutajwa pamoja na kelele na ugomvi. Asili ya jambo lenyewe ni kongwe kuliko mpira. Msomaji wa Visiwani hahitaji kukumbushwa namna mji wa Unguja ulivyogawanyika kwa mapenzi ya taarabu, kwa Nadi Ikhwan Safaa iliyoanza mwaka 1905 na kwa Culture Musical Club iliyozuka mwaka 1958, wala namna wapenzi wa kila upande walivyoijua saa ya kuinuka kwenda kutunza. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani, ilisafiri hadi bara pamoja na Marini na Arinoti zake, na kila ilipofika iliwapa watu upande wa kuupenda. Huko Usukumani, jirani na Bunda, wapo Bagika na Bagalu ambao hushindana kwa ngoma, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Yaani huko mtazamaji ndiye mizani yenyewe. Asipokuja, hakuna ushindi wa kuhesabu.

Fundi huyu aliingia katika mapenzi yake mwaka 1974, akiwa kijana anayejifunza kazi, akitia vifungo na kupiga pasi ya mkaa. Mwaka huo ndio uliotolewa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na madarasa ya kisomo cha watu wazima yalikuwa yamejaa kila kona ya nchi. Bwana wake wa kazi alikuwa mwanafunzi wa kisomo, mwenye kusoma kwa kidole na kwa jasho. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalifika Bunda yakiwa yamechelewa, nayo yalinunuliwa nakala moja kwa baraza zima. Kijana aliyemaliza darasa la saba ndiye aliyepewa kazi ya kuyasoma kwa sauti.

Alisoma habari za serikali, akasoma za mpira, kisha akafika ukurasa wa mashairi. Hapo aliona jambo geni. Watu waliokuwa wakishona, wakisubiri suruali zao au wakipumzika jua walinyamaza, na aliposoma kibwagizo cha ubeti wa kwanza, ule wa pili walikiitikia pamoja naye. Hawakuwa wamefundishwa na mtu. Wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili au ya tatu, baada ya Kijita, Kiikizu, Kizanaki au Kisukuma. Mwisho wa shairi mmoja wao aliuliza kama huyo mtunzi amekwisha kujibiwa. Ndipo kijana alipotambua kwamba ukurasa ule ulikuwa baraza refu, linaloanzia Tanga na kuishia Kigoma, na kwamba mtu aweza kuinuka popote alipo akasema neno lake, mradi alifunge kwa vina.

Jioni iliyotengwa kwa kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania hapakushonwa kitu. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Mashairi yalighaniwa, na sauti ya mghani ilipopanda hata wapiga bao waliacha kete mikononi. Lakini gazeti lilikuwa na ladha yake, kwa sababu maneno yalibaki. Kijana aliyakata mashairi aliyoyapenda kwa mkasi wa kushonea, jambo alilogombezwa nalo na bwana wake, kwani karatasi hutia mkasi butu.

Ilimchukua zaidi ya mwaka kuthubutu kutuma lake. Hofu yake ilikuwa na sababu. Ushairi ulijulikana kuwa mali ya watu wa pwani, walioupokea kwa wazee wao pamoja na lugha yenyewe, tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa na majibizano yake na watunzi wa Lamu. Mjita wa Bunda angesimama wapi katika safu hiyo? Hata hivyo alituma shairi la beti sita, akiuliza kama fundi na malenga si watu wa kazi moja, wote wawili wakipima kabla ya kukata. Gazeti lililichapisha. Baraza lililisoma mara tatu, na bwana wake akanunua nakala ya pili ili ya kwanza ikatwe bila ugomvi.

Wiki chache baadaye malenga mmoja wa Wete, Pemba, alijibu. Baada ya salamu na sifa kwa swali, alimwambia mtunzi wa Bunda kwamba nguo yake ni nzuri lakini mkono mmoja ni mfupi. Mishororo miwili haikutimiza mizani. Fundi alikuwa amehesabu irabu, kama afanyavyo mtu aliyejifunza lugha kwa macho. Katika neno mtu aliona u moja, akahesabu mizani moja. Katika neno nchi aliona i moja, akafanya vivyo hivyo. Mpemba alimkumbusha kwamba m ya mtu ina pumzi yake na n ya nchi ina pumzi yake, na kila moja hushika mahali pake sikioni. Haya yote aliyasema kwa beti nane zisizopungua hata pumzi moja, mbele ya nchi nzima.

Kwa siku kadhaa fundi hakusoma gazeti kwa sauti. Alidhani amefukuzwa barazani. Ni bwana wake, yule msomaji wa kidole, aliyemtoa katika huzuni hiyo kwa hesabu ya kazi. Alimuuliza: mteja akivaa suruali mbovu ya fundi asiyemjali, humrudia? Humrudia yule anayemtaka aendelee kumshonea. Mtu wa Pemba ametumia karatasi, wino, stempu na beti nane juu ya mkono mfupi wa kijana wa Bunda. Asingefanya hivyo kwa mgeni.

Fundi alitafuta kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954, akakipata kwa mwalimu mmoja wa Musoma aliyekubali kumwazima kwa mwezi mmoja. Alikinakili sehemu ya sheria yote kwa mkono. Katika kitabu hicho alijifunza mambo mawili. La kwanza ni mizani. La pili ni kwamba aliyeziandika sheria hizo alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali na bahari kama Bunda ilivyo mbali nayo. Alikumbuka pia kwamba Mathias Mnyampala, aliyezipa ngonjera umbo lililoenea shuleni, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Na kwamba huko Butiama, mwendo mfupi wa basi kutoka penye cherehani yake, alizaliwa Mzanaki aliyeitafsiri Mabepari wa Venisi ya Shakespeare. Baraza lile halikuwa na mlango wa nasaba. Lilikuwa na kizingiti cha sikio, na sikio hufundishika.

Alimjibu malenga wa Wete kwa beti nane, akakiri kosa na kushukuru. Tangu hapo wawili hao walijibizana kwa miaka mingi. Waliulizana kuhusu subira, kuhusu deni, kuhusu samaki wa maji baridi na wa maji chumvi yupi ana ladha. Wengine waliingilia kati kutoka Lindi na Morogoro, wakachukua pande, na wapo wasomaji wasiotunga kabisa waliotuma barua kusema tu kwamba wao ni wa upande wa Bunda au wa upande wa Pemba. Hao nao walikuwa wanajamaa kamili. Kutunga si sharti la kupenda ushairi, kama vile kucheza si sharti la kupenda ngoma.

Zikaja pia siku za ugomvi mkubwa. Mwaka 1974 ulikuwa umetoka Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na kwa miaka iliyofuata wapenzi wa ushairi waligawanyika juu ya swali moja: je, hayo ni mashairi? Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Kisorya. Watu wa Bunda walimwona ni mtoto wao, na walitarajia fundi amtetee mbele ya wapwani. Fundi alikataa. Alisema kwamba amehangaika mno kuipata mizani hata hawezi kuiona ikitupwa, na akatunga beti kumi kuitetea. Barazani kwake aliitwa msaliti. Jambo la ajabu ni kwamba malenga wa Wete, aliyedhaniwa kuwa ngome ya mapokeo, aliandika kwa upole kwamba bahari haikasiriki mto unapokuja na rangi yake. Kwa mara ya kwanza marafiki hao walikuwa pande mbili, na kila mmoja alisimama mahali ambapo kuzaliwa kwake hakukumweka. Kupenda kulikuwa kumewahamisha. Miaka mingi baadaye, Kezilahabi alipofariki dunia Januari 2020, fundi aliisoma Kichomi tena tangu mwanzo hadi mwisho, akasema kwamba bado hayaiti mashairi, lakini hajui kwa nini anayakumbuka kwa moyo.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Baada ya vita vya Kagera bidhaa ziliadimika, nguo zikawa za kupanga foleni, betri zikawa kama dawa. Mkewe fundi alilalamika kwamba fedha ya sabuni inanunua stempu, na kwamba mume wake anawajua watu wa Pemba kuliko majirani. Hakukosea sana. Fundi hakuwa na utetezi, ila aliendelea kutuma.

Mke huyo alifariki mapema miaka ya 1990. Fundi hakutangaza msiba gazetini. Alinyamaza tu, na ukimya wake ukasomwa. Msomaji mmoja wa Tanga aliuliza kwa shairi fundi wa Bunda amepatwa na nini hata cherehani yake imenyamaza. Mteja mmoja alimjibu kwa barua fupi kwa mhariri. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo rambirambi zilifika, nyingine zikiwa zimechapishwa, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa mkono na kupelekwa moja kwa moja kwenye sanduku la posta. Alipofungua bati la biskuti ambamo mkewe alitunza hati za nyumba, ili aziweke humo pamoja, alikuta majibu ya malenga wa Wete ya miaka yote, yamepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa uzi. Yeye mwenyewe alikuwa akiyaacha ovyo juu ya meza.

Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi huohuo. Magazeti ya siku hizo yalijaa mashairi ya maombolezo, na lililo la haki ni kwamba marehemu mwenyewe alikuwa mwenzao. Katika miaka yake ya mwisho alizitia sehemu za Agano Jipya katika tenzi. Fundi alikwenda Butiama kwa lori, amesimama njia nzima. Katika umati, alipokuwa akimweleza jirani yake habari ya tenzi hizo, mtu aliyekuwa mbele aligeuka akamuuliza kwa heshima, "Samahani mzee mwenzangu, wewe si wa Bunda, wa sanduku la posta?" Alitaja nambari yake bila kukosea. Alikuwa mtu wa Tarime, msomaji tu, asiyewahi kutunga. Baada ya muda mfupi walikuwa watano: wa Musoma, wa Tarime, wa Ukerewe, wa Magu na huyo wa Bunda. Walitambuana kwa lakabu na kwa vibwagizo, kama watu wa ukoo watambuanavyo kwa majina ya mababu. Walikaa pamoja hadi jua lilipozama, wakigawana muhogo wa kuchemsha. Hawakuzungumzia siasa. Walimzungumzia malenga wa Lindi aliyekuwa hajaandika kwa mwaka mzima, wakawa na wasiwasi naye.

Malenga wa Wete aliacha kuandika katika miaka ya 2000, bila ya kuaga. Kurasa za mashairi nazo zilipungua nafasi. Fundi alidhani jamaa yake imekwisha.

Mjukuu wake ndiye aliyempeleka Uwanja wa Karume, Musoma, baada ya Biashara United kupanda Ligi Kuu mwaka 2018. Alikwenda kwa kumridhisha mtoto. Alichokiona huko kilimrudisha upenuni mwa mwaka 1974: mtu mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na hakuna aliyewafundisha. Ila nyimbo zao, alisema, zilikuwa hazina mizani. Aliwatungia nyingine, wakazipokea kwa kicheko, kisha wakaziimba. Aliwashonea bendera bila malipo. Siku moja wakiwa safarini, redio ya basi ilitangaza mchezo kutoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, naye akauliza ni nani anayemjua mwenye jina hilo. Hakuna aliyejua. Vijana hao walisafiri kutoka Bunda hadi Musoma wakijifunza kwamba uwanja umepewa jina la mshairi, mtu aliyeandika namna ya kupima maneno. Mmoja wao alisema, "Kumbe babu, nawe una timu yako."

Biashara United ilimaliza msimu wa 2020/21 katika nafasi ya nne, ikapata kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao mawili kwa sifuri jijini Dar es Salaam. Kisha timu haikufika Libya kwa mchezo wa marudiano, ikatolewa mashindanoni bila kufungwa. Mwisho wa msimu huo, mwaka 2022, ilishuka daraja. Waliokuwa wakiijia kwa ushindi waliondoka. Wale wa nyimbo walibaki, wakaendelea kukutana Jumamosi hata pasipokuwa na mchezo, na fundi alisema kwamba alikwisha kuwaona watu wa namna hiyo, huko Butiama, wakila muhogo.

Kati yao yumo binti mmoja wa Butiama anayetunga mashairi ya kweli, yenye vina vya kati na vya mwisho. Aliposikia habari za mzee alimtumia moja kwa simu ya mjukuu, akamwomba alipime. Shairi lilihusu baba yake, mtu wa ziwani. Fundi alivaa miwani, akahesabu kwa vidole juu ya meza ya cherehani, akafurahi kuona kosa. Mshororo mmoja ulipungua mizani moja. Neno mvua, alimwandikia, lina mizani mbili tu, kwa kuwa m na v hutoka pamoja kwa pumzi moja. Na amwie radhi, naye alisahihishwa hivyohivyo ujanani.

Jibu lilikuja kabla hajafika kwenye pindo la gauni alilokuwa akilishona. "Shikamoo babu. Hiyo ya mizani mbili ni mvua inyeshayo. Yangu mimi ni mvua samaki, avuaye. M yake inasimama peke yake, kama ya mtu. Hesabu tena."

Fundi alihesabu tena. Zilikuwa nane na nane. Aliuacha ule mguu wa cherehani juu ya kitambaa, akamwita mjukuu wake, akamwomba karatasi, kwa sababu jibu la namna hiyo, alisema, halijibiwi kwa maneno matupu.